Mtani Aliporudisha Futi

Ignasi Komba alikuwa na macho mawili, moja la Mungu na moja la plastiki, na kwa miaka sita yote mawili yaliishi kwa amani katika uso mmoja. La Mungu lilifanya kazi. La plastiki lilikaa tu, limetulia, linatazama mbele kama mgeni rasmi anayesubiri hotuba za wenzake ziishe.

Kazi yenyewe ilikuwa cherehani. Alikuwa ameiweka barazani mwa duka moja Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na huo ulikuwa mwaka wa themanini na mbili, wakati kitambaa kipya ulikiona ndotoni na kanga uliipata kwa foleni, barua ya balozi wa nyumba kumi mkononi. Kwa hiyo watu hawakushonesha nguo mpya, walifufua za zamani. Kola ikilika, Ignasi aliifumua akaigeuza, upande mzima ukaja juu. Suruali ya baba ikichoka, ilizaa kaptula mbili za watoto na kikapu cha sokoni. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa viraka. Ulimpelekea shati lenye tundu kama sahani, kesho yake ukawa unalizungusha mikononi kama mpumbavu, unatafuta tundu lilikuwa wapi.

Jicho la kushoto lilikuwa limeondoka mwaka wa sabini na tano. Alikuwa anashona turubai la lori, kitu ambacho cherehani ile haikuumbiwa, sindano ikakatika na nusu yake ikamrukia usoni. Hospitalini wakalitoa jicho, na ndani ya shimo wakazika mpira mdogo wa plastiki, mgumu, ukubwa wa gololi ile kubwa, wakaufunika kwa nyama ili shimo lisibonyee. Baadaye juu ya nyama hiyo likaja ganda jembamba lililochorwa mboni ya kahawia, na vishipa viwili vitatu vyekundu ili uongo ukamilike. Ganda unalivua, unalisuuza, unalivaa. Mpira huugusi. Mpira umezikwa.

Kati ya jicho kuondoka na ganda kuja ilipita miezi minane, na hiyo ndiyo miezi ambayo Ignasi hakupenda kuihadithia hata akiwa na chupa tatu kichwani. Si kwa maumivu. Ni kwa sababu wateja walikuwa wanaongea na cherehani.

"Habari za kazi, fundi," mtu anasema, macho yameganda kwenye gurudumu.

"Nzuri," Ignasi anajibu. "Na cherehani nayo haijambo, inakusalimu."

Mteja anacheka, lakini anacheka akiangalia chini. Anaacha suruali, anaeleza anavyotaka, anaaga, yote kwa cherehani. Watoto wa jirani zake wa Magomeni waliokuwa wakimdandia mabegani wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Siku alipovaa ganda na kurudi barazani, kuli mmoja wa bandarini akaja akamtukana matusi ya kutosha lori zima kwa kumchelewesha, akimwangalia machoni, yote mawili. Jioni ile Ignasi alirudi nyumbani anaimba. Mkewe Hyasinta akadhani amepandishwa cheo, akauliza cheo gani hicho cha barazani.

Basi mambo yalikwenda vizuri hadi asubuhi moja alipokuwa akilisuuza ganda bombani uani. Lilimteleza likapiga saruji, likamomonyoka ukingoni, kipande kidogo tu kama ukucha wa mtoto mchanga.

Mtu wa mji mwingine angekwenda hospitali. Mtu wa Kariakoo ya wakati ule alikwenda kwa fundi. Kulikuwa na fundi wa kila kitu: wa kuziba sufuria, wa kushona ndala kwa waya, wa kufufua betri zilizokufa. Ignasi akalifunga ganda kwenye leso, akampelekea Mrisho, fundi saa wa pembeni yake, mtu aliyewahi kuitoa saa kwenye tope la Msimbazi na kuifanya itembee tena.

Mrisho akalishika kwa koleo lake dogo, akalisogeza kwenye kioo cha kukuzia. "Linaniangalia," akasema.

"Usiliogope. Halioni."

"Bora. Lingeona njaa iliyo humu ndani." Akachukua tupa ya saa, akakwangua ukingo, akausugua kwa dawa ya meno hadi ukang'aa. "Haya, tayari. Na ukisikia linapiga tiki-tiki, niletee nilitie majira."

Wakacheka sana. Ignasi, mtu aliyefundisha vijana wanne kwamba pindo lenye makali hula kitambaa, alilivaa ganda lenye ukingo mkali kila siku kwa miezi sita. Kwanza likawasha. Kisha likatoa machozi, halafu matongo. Mwisho, asubuhi moja mbele ya kioo, akavua ganda na kuona kitu cheupe kinachungulia katikati ya nyama nyekundu, kama goti kwenye suruali iliyochakaa. Ulikuwa mpira, umejifukua kaburini.

*

Daktari wa macho katika hospitali kubwa aliitwa Gaudens, Mchaga mrefu mwenye vidole vyembamba kama vya mpiga kinanda. Akammulika Ignasi kwa tochi, kisha akavuta kiti.

"Ndugu Ignasi, nyama imelika. Tundu ni kama la kifungo cha koti. Nikiliacha, vijidudu vitaingia hadi kwenye mpira, na hapo itabidi niutoe. Nikiutoa, shimo litabonyea na ganda halitakaa tena."

"Nitabaki na shimo?"

"Utavaa kitambaa cheusi."

Ignasi akaliona gurudumu la cherehani likisalimiwa. "Na kuziba hakuna? Maana mimi ndiyo kazi yangu, Daktari. Tundu la kifungo hata mwanafunzi analiziba."

"Kuziba kupo. Nitaweka kiraka." Daktari akatabasamu kidogo. "Kwenye paja lako, chini ya ngozi, kuna utando mweupe unaofunika msuli. Mgumu, haunyumbuki hovyo. Nitakata kipande, nikilaze juu ya mpira. Kisha juu yake niweke ngozi laini ya ndani ya mdomo wako wa chini, kwa sababu mahali pale panataka kitu kinachopenda unyevu."

"Aa," Ignasi akasema. "Bitana na kitambaa cha juu."

"Ndiyo hivyo."

"Na kiraka kizidi tundu, kisije kikavutwa."

"Kitazidi."

"Na unakitoa kwenye nguo ile ile, pasipoonekana. Kwenye upindo. Sawasawa kabisa." Ignasi akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Nani alikufundisha?"

"Chuo kikuu. Wewe?"

"Suruali za makuli."

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. "Tofauti ni moja. Kiraka chako kinataka uzi tu. Changu kinataka damu. Nikishakishona lazima mwili ukipokee, ukilishe. Siku ya saba nitafungua bendeji. Kikiwa chekundu, kimeshika, na jicho lako umelipata. Kikiwa cheusi kimekufa, na mpira nautoa siku hiyo hiyo. Na siku hizo saba hutaongea hata neno moja, usije ukafumua nyuzi za mdomo."

"Siku saba bila kuongea?" akasema Hyasinta, aliyekuwa amekaa pembeni. "Daktari, hiyo dawa haiwezi kuongezwa?"

*

Wadini alipokewa na nesi mnene mwenye mwendo wa harakaharaka, gauni jeupe limefubaa na kwapani limeanza kuachia. Akasoma karatasi.

"Ignasi Komba. Komba wa wapi?"

"Songea."

Nesi akashusha karatasi polepole, uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota noti. "Mngoni!"

"Na wewe?"

"Sista Zamzam. Wa Tabora. Mnyamwezi wa mama na baba."

"Mungu wangu," akasema Ignasi. "Nimekuja kuponywa, nimeangukia mikononi mwa mtumwa wangu."

"Mtumwa wako nani? Ninyi mliokuja mnakimbia kutoka kusini huko, pumzi zikawaishia Songea mkasema hapa hapa ndio kwetu!"

"Afadhali sisi tulikimbia mikono mitupu. Ninyi mmebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa. Hebu vua kofia tuone."

Wadi nzima ikaamka. Wagonjwa waliofungwa macho mawili waligeuza masikio. Wangoni na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za mababu, na mtani akikutana na mtani hakuna pole wala samahani, ni kuchanana tu, na atakayekasirika ameshindwa. Na mtani ana haki nyingine: akikipenda kitu chako anakitwaa, na hukipati mpaka ukikomboe.

Zamzam akamwangalia juu mpaka chini, akaona futi ya kupimia inaning'inia shingoni, ile futi ya kitambaa ya manjano aliyokuwa nayo tangu anajifunza kazi, namba zimefutika hadi kumi na nane. Akaivuta, akaivaa shingoni mwake.

"Hii nimetwaa. Utaikomboa ukipona."

"Mnyamwezi wewe, hiyo ndiyo mkono wangu!"

"Leta kuku. Na asiwe panya uliyemvika manyoya, nawajua Wangoni."

Usiku ule Ignasi alilala vizuri kuliko alivyotarajia. Kama yule mama ana nguvu ya kuninyang'anya futi, alijiambia, basi hana wasiwasi na mimi.

*

Alipozinduka kwenye nusukaputi, paja linawaka, mdomo umevimba kama wa aliyeumwa na nyuki, na nusu ya kichwa iko ndani ya bendeji. Hakuweza kusema. Lakini akilini alikuwa amepanga jeshi zima la majibu, akisubiri Mnyamwezi wake aanze.

Zamzam akaja na kipimajoto. Akasimama kando ya kitanda, mikono ameikunja mbele.

"Habari za asubuhi, Ndugu Ignasi. Umeamkaje?"

Ignasi akageuza kichwa kuangalia nyuma yake. Ndugu Ignasi ndiye nani?

"Naomba nikupime joto, Ndugu Ignasi. Samahani kwa usumbufu."

Akampima, akaandika, akaondoka polepole, kama mtu anayetoka kanisani. Ignasi akabaki anaitazama dari. Samahani? Mnyamwezi amwambie Mngoni samahani?

Siku ya tatu ikawa vilevile. "Pole sana, Ndugu Ignasi." "Kunywa uji taratibu, Ndugu Ignasi." Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja wa Kilwa, akamchokoza nesi ili burudani ianze tena: "Sista, mtumwa wako huyo kalala, mbona humsemi?" Zamzam akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa kwa huzuni, akapita.

Kwa huzuni! Ignasi aliiona kwa lile jicho lake moja, na jicho lile lilikuwa zima.

Akaanza kukisikilizia kiraka. Kinapwita au hakipwiti? Kina ubaridi? Kwenye nguo angejua kwa kupitisha kidole. Hapa alikuwa amelala na mshono wa mtu mwingine usoni mwake na hana ruhusa ya kuugusa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Zamzam akaja na Metroni, mkuu wa manesi, ambaye alisimama mlangoni mikono nyuma. Zamzam akatoa mfukoni futi ya manjano, imeviringwa vizuri, imefungwa kwa kipande cha bendeji. Akamkabidhi kwa mikono miwili, goti limeinama kidogo.

"Pokea mali yako, Ndugu Ignasi."

Moyo wa Ignasi ukashuka hadi kwenye lile paja.

Maana mtani harudishi kitu bure. Hilo Mngoni analijua kabla hajajua kuvaa suruali. Anaweza kukaa nacho miaka kumi, akakiringia, akaja nacho harusini kwako kukuaibisha, lakini hakirudishi mpaka ukikomboe kwa kuku au kwa pombe. Mara moja tu katika maisha yake Ignasi alikuwa ameona kitu kimerudishwa bila kukombolewa. Ilikuwa kofia ya baba yake mdogo. Watani walikuwa wamekaa nayo miaka minne, na walikuja kuiweka wenyewe, kimya, juu ya jeneza.

Saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, Hyasinta akaingia na chupa ya uji. Akaiona futi kifuani mwa mumewe.

"Umeikomboa? Na nini?"

Ignasi akatikisa kichwa.

"Kairudisha bure?"

Akaitikia kwa kichwa. Hyasinta akaiweka chupa chini, taratibu. "Na siku hizi anakuitaje?"

Ignasi akachukua penseli, akaandika nyuma ya kadi ya kliniki: NDUGU.

"Yesu na Maria," akasema Hyasinta, akakaa kitandani kwa uzito wake wote, juu ya paja lenye kidonda.

*

Kesho yake hakuja mtu mmoja, walikuja watano. Alikuja Hyasinta na wanakwaya wenzake wawili, Candida na Sofia, rozari mkononi. Alikuja Bushiri mwenye duka, ambaye tangu Ignasi aingie hospitali alikuwa ameifunika cherehani kwa gunia na kukataa mtu asiiguse. Alikuja Mrisho fundi saa, amevaa kanzu, macho mekundu, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ignasi, ndugu yangu, nisamehe. Ni mimi. Ni tupa yangu. Saa hata ukikosea inachelewa tu, haimuui mtu. Nani alinituma nitie tupa jicho la mwenzangu?"

Ignasi akanyoosha mkono akamshika. Alitaka kumwambia kwamba walicheka wote wawili siku ile, na ganda alilileta kwa miguu yake mwenyewe. Hakuweza. Akamminya kiganja tu, na Mrisho akalia zaidi. Wanawake wakaanza rozari kwa sauti ya chini upande wa kulia. Bushiri na Mrisho wakainua mikono upande wa kushoto. Ignasi akiwa katikati, akafikiri: angalau mbinguni sitafika nikiwa sina barua ya utambulisho.

Na hapo, pamoja na hofu yote, kitu kingine kikamjaa kifuani. Aliwaangalia mmoja mmoja. Wakati wa miezi ile minane alidhani watu wote walikuwa wanaongea na cherehani. Sasa alikumbuka kwamba Bushiri hakuwahi. Bushiri kila asubuhi alimletea kahawa, akamkabidhi mkononi, akamwangalia usoni kwenye shimo lenyewe, akasema "Inuka mzee, kumekucha." Inakuwaje mtu ahesabu wanaogeuza shingo na amsahau mmoja aliyemtazama?

Zamzam akaingia na sinia la dawa. Akasimama ghafla.

"Nani kafa?"

Hyasinta akainuka. "Sista, shikamoo yako. Mimi mke wake. Usitufiche. Wewe ni mtani wake, umemrudishia futi bure. Unamwita Ndugu. Tuambie tu, kijana wa watu amebakiza siku ngapi?"

Ignasi akainua kadi aliyokuwa ameiandika usiku, kisha akaiogopa hadi asubuhi: KIRAKA KIMEKUFA?

Zamzam akasoma. Akawatazama wanakwaya, akamtazama Mrisho na kanzu yake, akaitazama futi. Midomo ikaanza kumcheza. Akaweka sinia chini kabla halijamwanguka.

"Kimekufa? Mngoni wewe, kimekufa! Daktari alinikalisha kitako siku unapasuliwa, akaniambia, Zamzam, huyu asicheke. Akicheka mdomo unafumuka, kiraka cha akiba sina. Ukimtania wiki hii, nakuhamishia wadi ya wazee. Siku nne naumwa tumbo kwa kumeza matusi! Siku nne nakuita Ndugu, ulimi unaniota malengelenge! Futi Metroni alinikuta nimeivaa, akaniambia mali ya mgonjwa haivaliwi, irudishe mbele yangu, kwa adabu. Nimekaa nyumbani nimelia kwa sababu ya kuku wangu niliyempoteza, na wewe umelala hapa umejizika, umeleta na matanga! Ndiyo maana pumzi ziliwaishia Songea, mtu akiwaambia habari za asubuhi mnaandika wosia!"

Wadi ikalipuka. Mzee wa Kilwa alipiga kitanda kwa ngumi. Candida alidondosha rozari. Mrisho alicheka na kulia kwa pamoja, asijue aanze na lipi. Na Ignasi akaona kicheko kinakuja, kikubwa, kinapanda kutoka tumboni kama maji ya bomba lililofunguliwa baada ya mgao, na hana pa kukipitishia.

Zamzam akaruka, akamshika midomo kwa vidole viwili kama anayefunga mdomo wa gunia.

"Usicheke! Nakwambia usicheke! Mwangalie mkeo, fikiria foleni ya sukari, fikiria chochote!"

Kicheko kilipokosa mdomo kikatoka machoni. Machozi yakamwagika kwenye shavu la kulia, na baada ya muda bendeji ya kushoto nayo ikaanza kulowa. Zamzam akaigusa kwa ncha ya kidole, akatulia, sauti ikashuka.

"Haya," akasema. "Hata huku kuna mtu nyumbani."

*

Siku ya saba Daktari Gaudens alifungua bendeji mwenyewe. Akalainisha pamba kwa maji ya chumvi, akabandua kidogo kidogo, akamulika. Akamulika tena na tena hadi Hyasinta akaanza kukunja ncha ya kanga. Kisha akampa Ignasi kioo.

"Fundi mwenzangu, niambie unaona rangi gani."

Ignasi akasogeza kioo kwenye dirisha. Pale ambapo mpira ulikuwa ukichungulia palikuwa na nyama nyekundu, nzima, yenye unyevu, rangi ya ndani ya mdomo wa mtu. Mishono ilikuwa midogo kuliko yoyote aliyowahi kuishona. Akatafuta mahali kiraka kilipoanzia, na mahali pengine hakupaona.

Alikuwa na matusi arobaini ya kumtupia Mnyamwezi wake, aliyoyapanga kwa siku saba. Zamzam alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, yuko tayari. Ignasi akafungua mdomo wenye nyuzi, taratibu.

"Asante, Daktari," akasema. Kisha akamgeukia. "Asante, Zamzam."

Zamzam akashtuka, akapiga makofi. "Mmesikia? Mngoni kasema asante! Daktari mrudishe ndani, nusukaputi haijamtoka!" Lakini alikuwa amegeuka dirishani, anapangusa kitu usoni kwa upindo wa gauni.

Ganda jipya lilikuja baada ya wiki saba. Halikutoka ng'ambo, alilitengeneza Marcelino, fundi wa meno ya bandia wa hospitali hiyo hiyo, kwa plastiki ya kutengenezea ufizi, na alilisugua ukingo hadi ukawa laini kama punje ya mchele. Hakuna aliyemdai Ignasi kitu. Akiwa anatoka, alimpitia Zamzam wadini, akaivua futi ya manjano shingoni, akaiweka mkononi mwake.

"Hii ilirudishwa kwa nguvu ya serikali. Haikukombolewa. Kaa nayo."

"Na kazi utafanyia nini?"

"Si kazi yako, mchukuzi."

Alifanyia kamba ya katani aliyoipiga mafundo. Miezi miwili wateja walipimwa kwa mafundo, na hakuna suruali iliyopungua. Siku ya kwanza aliporudi barazani, mwanamke mmoja alikuja kulalamika kwamba gauni lake lilikaa chini ya gunia la Bushiri wiki nane. Alimsema Ignasi hadi povu likamtoka, akimwangalia machoni, kushoto na kulia, bila kujua lipi ni lipi. Ignasi alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesomewa barua nzuri. Mrisho, kwenye meza yake ya saa, akainua kichwa akakonyeza.

Ijumaa moja mchana akatokea Zamzam, amevuka foleni ya mafuta ya taa kwa mabega yake, futi ya manjano shingoni, gauni la kazi mkononi. Kwapa lilikuwa limeachia kabisa.

"Shona hili. Na usije ukaweka kitambaa cha gunia, nawajua."

Ignasi akaligeuza gauni, akafumua upindo wa chini, akakata kipande pasipoonekana. Alishona huku Zamzam akiwaeleza wateja wote jinsi Wangoni walivyojifunza kuvaa nguo juzijuzi tu. Alipomaliza akamrushia. Zamzam akaliinua juani, akalizungusha, akaingiza mkono, akalizungusha tena.

"Kiko wapi? We Mngoni, hujashona! Umekaa hapo unapiga cherehani kelele tu!"

"Kitafute."

Akatafuta. Wateja wakasogea wakamsaidia kutafuta. Ignasi akacheka, mdomo wazi kabisa, hadi akashika gurudumu asianguke.

"Basi hapo futi nimeikomboa," akasema. "Ilete."

Zamzam akalikunja gauni, akaitia futi ndani ya kanga, akaifunga fundo. "Nilisema kuku," akasema, na kushuka barazani.

Ignasi akaokota kamba yake ya mafundo, akamwita mteja aliyefuata.